Mazoezini anafunga 85 kati ya 100, kwenye mechi anakosa hata za karibu: tatizo liko wapi?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari ila ndo nasimamia na netiboli ya wasichana. GS wangu (mfungaji mkuu) yuko form three, mrefu, ana nidhamu kuliko wote. Mazoezini anasimama sehemu moja upande wa kulia wa nguzo, mwenzake anamrushia mipira, anatupia 100 na anafunga 80 mpaka 85, yaani mpaka pale anaposimama udongo umechimbika. Ila kwenye mechi anakosa hata zile za karibu kabisa. Mwezi uliopita nikaongeza, sasa anatupia 200, na Jumamosi tunakaa masaa matatu. Mechi mbili za kirafiki tulizocheza juzi juzi hali ni ile ile. Wenzake wanasema ana woga. Na siku hizi analalamika bega. Tuna wiki tano mpaka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Niendelee kuongeza mipira, au nimtoe nimuweke mwingine?"

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kweli, maana shule nyingi netiboli anapewa mwalimu yeyote ambaye hana kipindi mchana, lakini wewe umekaa mpaka ukahesabu mipira inayoingia. Hizo hesabu zako na hivyo vishimo vya miguu ulivyovitaja ndo vimenisaidia kuelewa. Ila kabla sijaenda mbali, bega: kuanzia leo simamisha zile 200, zote. Nitalirudia huko chini lakini hilo lisisubiri umalize kusoma.

Sasa swali lako. Wewe unamuona binti anayejua kufunga halafu akivaa jezi anasahau. Mimi nikisoma maelezo yako naona binti anayejua kufunga akiwa amesimama kwenye vishimo viwili, mpira umekuja mikononi taratibu, pumzi imetulia, hakuna mkono wa mtu mbele yake, na sekunde mbili zilizopita ametoka kutupia mpira wa aina hiyo hiyo. Hicho kweli anakijua, tena sana. Shida ni kwamba kwenye mechi hakuna hata mara moja anapewa hiyo nafasi.

Tuanze na hilo la woga kwa sababu ndo linalosemwa na wenzake na linaumiza. Sikatai kwamba upo, mtoto wa miaka 16 watu wamejaa pembeni ya uwanja wanapiga kelele lazima atetemeke kidogo. Lakini kuna njia rahisi ya kujua, na bega likishapona uifanye siku ya kwanza. Siku ya kawaida, hakuna watazamaji, hakuna jezi, mtoe pale alipozoea umpeleke upande wa kushoto wa nguzo, mpira aupokee akiwa anakimbia, atupie kumi, kila moja sehemu tofauti. Zikiingia 8 kama kawaida yake halafu kwenye mechi anakosa, basi presha ndo inamla na tutaongea habari za presha. Zikishuka hapo hapo mkiwa watu watatu tu uwanjani, basi mwalimu huo woga mnamsingizia. Mabinti niliowahi kuletewa na malalamiko kama haya, wengi walishuka hapo hapo.

Jambo la pili la kuweka sawa ni ile kauli ya "rudia mpaka mkono ukariri". Mkono haukariri. Msuli unapata nguvu na stamina, ila namna ya kutupa inakaa kwenye ubongo, tena sehemu tofauti na ile inayokumbuka maneno na matukio. Mfano unaonigusa kila nikiufundisha ni wa Henry Molaison wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa na baada ya hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ngumu, kuchora nyota kwa kufuata mistari huku anauona mkono wake kwenye kioo tu, akairudia kwa siku tatu. Makosa yakapungua siku hadi siku, na kila siku yeye anaona kama ndo mara yake ya kwanza kuiona hiyo kazi. Ujuzi ulikuwa unajengeka wenyewe kimya kimya wakati yeye hana habari. Kwa hiyo ukimwambia GS wako kabla ya mechi "fanya kama unavyofanya mazoezini", sikio linasikia, ila ile sehemu ya ubongo inayotupa mpira haijifunzi kwa kuambiwa, inajifunza kwa hali halisi uliyoipa, na wewe umeipa hali moja tu.

Na hapa ndo penye kiini cha yote, naomba uvumilie nieleze kwa kirefu. Kuna kufanya vizuri leo na kuna kujua, na hivi vitu viwili vinaweza kwenda njia tofauti kabisa. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya mkono, unashika mpira wa tenisi unaangusha vibao vidogo vya mbao kwa mpangilio fulani haraka uwezavyo, na mipangilio ilikuwa mitatu. Kundi moja lilimaliza mpangilio wa kwanza wote ndo likahamia wa pili, halafu wa tatu. Kundi la pili idadi ni ile ile ila mipangilio ilichanganywa, hujui unaofuata ni upi. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa na kasi, ungepita pale ungesema hao ndo wameelewa. Walipopimwa baadaye, wengine baada ya dakika 10 na wengine baada ya siku 10, ikageuka, waliochanganyiwa ndo walioshika, na wale wa mfululizo walipopewa mtihani wa kuchanganya walianguka vibaya.

Kwa nini? Wewe unafundisha hesabu, hili unalijua tayari. Ukimpa mwanafunzi maswali 20 ya kwadratiki mfululizo, la kwanza anafikiri, la pili anafikiri kidogo, kuanzia la tatu anachukua njia ya swali la juu anabadilisha namba. Daftari linajaa tiki. Mtihani wa terminal unakuja na maswali yamechanganyika, hakuna mtu aliyemwambia hili ni la kwadratiki, anakaa anatafuna kalamu. Hakuwahi kufanya mazoezi ya kuchagua njia, alifanya mazoezi ya kunakili njia. GS wako mpira wa kwanza anatengeneza mpango, goti lipinde kiasi gani, mpira uende juu kiasi gani, kiganja kiachie wakati gani. Mpira wa pili mpango bado upo wa moto kichwani, anautumia ule ule, akikosa kidogo upande wa kushoto anarekebisha nusu kidole, unaingia. Kati ya mipira 100 ametengeneza mpango labda mara tatu nne, iliyobaki ni marekebisho. Sasa mechi inataka nini? Inataka mpango mpya kila mpira, kutoka sifuri, baada ya dakika nzima ya kukimbia bila kugusa mpira, halafu nafasi ya pili haipo. Hicho kitu hajawahi kukifanyia mazoezi hata ukimwongezea mpaka 500.

Ukichanganya, kila mpira anasahau kidogo ule wa kabla halafu analazimika kujenga upya, na kule kulazimika ndo kunakojenga. Inachosha akili, inaonekana vibaya kwa macho, ndo maana makocha wengi tunaikimbia.

Kuna mtafiti wa Kirusi, Nikolai Bernstein, miaka ya 1920 aliwapiga picha za mfululizo wahunzi wazoefu wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo inatua pale pale kila mara, ila mkono, kiwiko na bega vinapita njia tofauti kidogo kila pigo. Watu walitegemea fundi mzoefu awe kama mashine. Fundi anajua kufika pale pale kwa njia tofauti, kulingana na alivyosimama na alivyochoka. Huo ndo ujuzi tunaoutaka kwa huyu binti, afike kwenye pete kutoka popote miguu ilipotua.

Utaniuliza mbona wa kikapu wanasimama mstari mmoja wanatupia mamia? Swali zuri, na jibu ni kwamba kikapu wana mtupo huru, mstari uko pale pale kila uwanja duniani, karibu mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na utafiti uliofanywa kwa wachezaji wazoefu ulionyesha kweli wanakuwa wazuri isivyo kawaida kwenye umbali ule ule waliourudia. Kwa hiyo kurudia sehemu moja kunafanya kazi, kwa hiyo sehemu moja. Netiboli hatuna mstari wa namna hiyo. Hata penati unaipiga pale faulo ilipotokea, popote ndani ya nusu duara la kufungia lenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Kama huyo GS angekuwa anacheza kikapu vile vishimo vyake vingemlipa.

Masaa matatu ya Jumamosi sasa. Mwaka 1978 Alan Baddeley na mwenzake Longman walichapisha kazi waliyofanya na Posta ya Uingereza, ilikuwa inataka kuwafundisha wafanyakazi wake kupiga chapa. Waliofundishwa saa moja kwa siku walihitaji kama masaa 35 kuijua kibodi, waliofundishwa masaa manne kwa siku, mawili asubuhi mawili baadaye, walihitaji karibu 50 kufika pale pale. Masaa 15 yamepotea hewani. Ila nisikufiche upande wa pili: wa saa moja walitumia siku nyingi zaidi kwenye kalenda, na ndo walikuwa wanalalamika zaidi, wale wa masaa manne waliridhika na ratiba yao. Yaani mtu mwenyewe anaweza kuupenda utaratibu unaomfundisha kidogo. Jiandae na hilo, binti atakwambia mazoezi mapya ni mabaya, ya zamani alikuwa anafunga. Wewe una wiki tano, siku za kugawanya zinatosha, na usiku wa kulala katikati nao unasaidia ubongo kushika kile alichofanya mchana. Kama ungeniandikia mechi ikiwa keshokutwa ningekwambia usibadilishe chochote.

Kuna kitu hujakiandika lakini nakihisi kwa sababu karibu kila kocha anacho, nami nilikuwa nacho miaka mingi, kile cha kusema kitu baada ya kila mpira. "Kiwiko! Juu zaidi! Pinda goti!" Carolee Winstein na Richard Schmidt mwaka 1990 walionyesha kwamba watu walioambiwa matokeo yao nusu ya mara tu, kesho yake walifanya vizuri kuliko walioambiwa kila mara. Ukimwambia kila mpira anakuegemea wewe, na kwenye mechi wewe uko pembeni huruhusiwi kuingia. Muulize yeye kwanza, "huo umekosa kwa nini?", mpe muda ajibu, kisha ndo useme, tena baada ya mipira minne mitano. Na ukisema, mwelekeze kwenye pete badala ya mwili wake, "upeleke mpira udondokee nyuma ya pete" anauelewa na kuutenda haraka kuliko habari za kiwiko nyuzi 90.

Sasa nisikuuzie kitu kama dawa ya kila ugonjwa. Matokeo ya maabara ni makubwa kuliko yale ya uwanjani, tafiti zilizofanyika kwenye michezo halisi zinatofautiana na nyingine faida ni ndogo. Mojawapo iliyotoka vizuri ni ya mwaka 1994 kwa wachezaji 30 wa besiboli wa chuo huko California, walioongezewa mazoezi ya kupiga mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, mipira 45 kila mara ya aina tatu. Waliopewa aina moja moja mfululizo walipanda asilimia 25, waliochanganyiwa walipanda 57, na ambao hawakuongezewa chochote walipanda 6. Angalia hao ni watu ambao tayari wanajua kupiga, kama GS wako tayari anavyojua kutupa. Wale form one wako ambao mpira bado haufiki kwenye pete usiwafanyie hivi, wataona giza tu. Wao waache wasimame sehemu moja karibu, warudie, mpaka umbo la mtupo likae na mpira upande juu, ndo uanze kuwahamisha kidogo kidogo. Kuna utafiti wa tenisi uliopata hivyo hivyo, wenye uwezo mdogo mfululizo uliwafaa zaidi.

Kwa huyu binti ningefanya hivi. Kwanza chukua jembe ufukie vile vishimo. Pima pete kwa kamba, iwe mita 3.05 kutoka chini, nimekuta nguzo nyingi za shule ni fupi au pete imeinama mbele, na akizoea hiyo ataenda wilayani akute pete nyingine. Chora duara kwa majivu au chokaa kama limefutika. Halafu siku nne kwa wiki, dakika 20 mpaka 25, mipira 40 inatosha, Jumamosi iwe ya kucheza tu. GA (mfungaji wa pili) na WA (winga wa kushambulia) wakae nje ya duara wamlishe, mmoja juu, mmoja wa kudunda, na yeye asijue unatoka kwa nani. Aanze akiwa anatembea, akate (abadili uelekeo ghafla), apokee, atue, atupe ndani ya sekunde 3 kama sheria inavyotaka, kisha akimbilie mpira ukigonga pete. Mipira miwili isifuatane kutoka sehemu moja. Kuanzia wiki ya pili muweke GK (mlinzi wa goli) wako mbele yake kwenye umbali wa sentimita 90 ambao sheria inamtaka mlinzi akae, mikono juu, kwa sababu mkono wa mtu unabadilisha mahali anapouachia mpira na bila kuuzoea mazoezini atauona mechini kama ukuta. Wiki za mwisho mwambie GK apige na kelele, na wenzake wazunguke, hapo unagusa na hilo la presha humo humo.

Wiki ya kwanza ya kutupa hivi namba zitashuka, pengine mpaka nusu, na hapo ndo utakapotamani kurudi kwenye vishimo. Usirudi. Na usiangalie tena namba za katikati ya mazoezi, hizo ndo zilizokudanganya mwezi mzima. Kila Jumatatu akishapasha mwili na bega vizuri, kabla hajatupia mpira wowote, mpe mipira 10 kutoka sehemu 10, kila sehemu mara moja, andika kwenye daftari. Jumapili nzima hajagusa mpira, hana cha kunakili, kinachotoka hapo ndo anachokijua. Ukiona 4, halafu 5, halafu 6, uko njia sahihi hata kama Alhamisi alionekana hovyo.

Bega. Kutupa mipira 200 kwa mkono mmoja juu ya kichwa, siku nyingi mfululizo, kwa mtoto ambaye bado anakua, ni mzigo mkubwa kwa misuli midogo inayoshikilia kiungo cha bega, na uchovu wake unabadilisha hata umbo la mtupo. Mpumzishe kutupa kwa wiki moja. Hiyo wiki haipotei, afanye miguu, kukata, kupokea mpira wa kifuani, kutua bila kupigiwa kosa la hatua. Asipewe dawa ya maumivu kama diklofenaki ili aendelee na mazoezi, hii naiona sana na inaniumiza, unazima king'ora huku nyumba inaungua. Kama wiki ikiisha bado linauma akinyanyua mkono, au linamwamsha usiku, au mkono hauvuki usawa wa bega, au vidole vinakufa ganzi, limevimba, au anasikia kama linataka kuchomoka, mpeleke hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia aonwe kwa macho na kushikwa, na hizo dalili mbili za mwisho pamoja na ganzi usisubiri hata wiki iishe. Waambie na wazazi wake mapema wasije kusikia kwa majirani. Akirudi aanze na mipira 15 za karibu, aongeze kidogo kidogo kila siku kama haliumi kesho yake asubuhi.

Kuhusu kumtoa, hapana, sio sasa. Mechi zile mbili zimepima mazoezi yako kuliko zilivyompima yeye, na naomba umwambie hivyo mbele ya wenzake wanaomwita mwoga, ukisema wewe mwalimu lile neno la woga litaisha. Lakini GA wako aanze leo kutupia kwa utaratibu huu huu, kwa sababu mbili: kwanza binti akipumzisha bega mtu lazima afunge, pili timu yenye mfungaji mmoja, wapinzani wakijua, inafungwa kwa kumkaba mmoja. Ikifika wiki ya nne kaa na daftari la Jumatatu, weka namba za wote wawili pembeni pembeni, na upange nani asimame GS na nani GA kutokana na hizo. Bega likikataa kabisa usimlazimishe, bado ana form four mwakani.